Sanaa na simulizi za Waogiek wa Mau: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukijulikana kuwa unakusanya simulizi za watu waliotolewa msituni, maswali hayakomi. Wanauliza wanafunzi wanaotaka kupiga filamu, walimu wa michezo ya kuigiza, wachoraji, na zaidi ya wote vijana wa Kiogiek wanaotaka kujua waanzie wapi na babu zao. Nimeandika hapa yale yanayorudiwa sana. Pale ambapo jibu moja linagusa jingine, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Waogiek ni akina nani, na wamehamishwa kutoka wapi?

Ni wenyeji wa msitu wa Mau katika Bonde la Ufa, Kenya. Wengine wako Chepkitale, katika Mlima Elgon. Kwa asili ni warina asali na wawindaji, na lugha yao ni ya jamaa ya Kikalenjin. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 52,596.

Mau ni msitu wa takribani hekta 400,000. Humo hutoka mito ya Mara na Sondu inayoingia Ziwa Victoria, mto Njoro unaolisha Ziwa Nakuru, na Ewaso Nyiro wa kusini unaoteremka hadi Ziwa Natron, Tanzania. Kwa hiyo anayekunywa maji ya mto Mara kule Musoma anahusika na habari hii, hata kama hajawahi kusikia neno Ogiek.

Kuhamishwa kwao si jambo la jana. Tume ya Ardhi ya wakoloni ya 1932 hadi 1934, iliyojulikana kama Tume ya Carter, ilipendekeza wapelekwe kwenye maeneo ya makabila makubwa ya jirani, kana kwamba hawakuwa na kwao. Uhuru ulipokuja, kufukuzwa kuliendelea. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke. Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena Sasimwani, Kaunti ya Narok, na mamia ya watu wakabaki nje wakati wa mvua.

2. Wanatolewa kwa sababu gani?

Sababu inayotajwa kila mara ni kulinda msitu na vyanzo vya maji. Lakini msitu huohuo ulikatwa kwa ajili ya mbao, ukapandwa miti ya kigeni, ukaingiliwa na mashamba ya chai, na mwaka 2001 serikali ikatangaza kumega zaidi ya hekta 35,000 upande wa mashariki peke yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipopima jambo hili haikuona ushahidi kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu.

Msanii aelewe kisa hiki barabara kabla ya kushika brashi. Mtu aliyefukuzwa Mau amepoteza nyumba, na juu ya hapo ameambiwa kwamba yeye ndiye mharibifu wa kitu alichokitunza. Hilo la pili ndilo wazee wanalolirudia wakikaa jioni. Kazi inayoonyesha umaskini tu, matope na mahema, inaliacha nje.

3. Si walishinda kesi Arusha? Sanaa ya nini tena?

Walishinda. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao za ardhi, utamaduni, dini, maliasili na maendeleo. Tarehe 23 Juni 2022 iliagiza walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 za Kenya kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine, ardhi yao ipimwe na wapewe hati ya pamoja. Ubomoaji wa Sasimwani ulikuja mwaka mmoja na miezi michache baadaye. Hukumu ya karatasi inahitaji watu wanaoijua na kuidai. Mtu hawezi kudai asichokijua.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wanalijua. Katika kesi ya fidia iliombwa pia nchi iombe radhi hadharani na ijengwe kumbukumbu ya kudumu kwa ajili ya Waogiek. Mahakama haikuyakubali maombi hayo mawili. Mimi nikiulizwa sanaa ya nini, jibu langu linaanzia hapo. Kumbukumbu iliyoombwa haikujengwa kwa amri ya mtu yeyote, kwa hiyo itajengwa na wenyewe, kwa wimbo, kwa rangi, kwa ramani na kwa jukwaa.

4. Ni sawa kuwaita Wandorobo?

Hapana. Jina hilo limetokana na neno la Kimaasai la kumwita mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Wakoloni walilichukua wakaliandika kwenye vitabu kama jina la kabila. Ukilikuta kwenye nyaraka za zamani unazozinukuu, eleza limetoka wapi. Usiliweke kwenye kichwa cha habari wala kwenye bango.

## Kazi yenyewe

5. Ni sanaa ya aina gani inayofaa zaidi?

Inayotaja mahali. Hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Wimbo wa huzuni usio na jina la kilima wala mto unaweza kuwa wa mtu yeyote, na anayetaka kusema "hawa hawakuwahi kuishi hapa" hausumbui. Lakini wimbo unaotaja bonde, ukoo ulioweka mizinga huko na mti uliosimama kando ya njia humfanya msikilizaji aulize bonde hilo liko wapi leo, na nani analilima.

Mfano bora ninaoujua ni ramani ya Nessuit. Mwaka 2006 wazee na vijana wa Kiogiek walikusanyika Nessuit, Kaunti ya Nakuru, wakajenga mfano wa msitu wao kwa kipimo cha 1:10,000, ambapo sentimita moja ni mita 100 za ardhi. Kazi ya namna hii huenda hivi: kadibodi hukatwa kufuata mistari ya mwinuko, tabaka juu ya tabaka, zikagundishwa hadi milima na mabonde yakasimama mezani. Kisha wazee huzunguka meza. Pini hapa ni pango, uzi wa buluu ni mto, rangi hii ni mianzi, ile ni msitu wa mizinga ya ukoo fulani. Kijana anaandika majina, mzee anamrekebisha, mama mmoja anasema hapana, kisima kilikuwa upande ule wa mteremko.

Je, ile ni sanaa au ni upimaji? Kwangu ni vyote viwili, na ndiyo maana ina nguvu. Mzee ambaye angeshindwa kusoma ramani ya serikali anaweka kidole juu ya kilima chake bila kusita, na simulizi inatoka yenyewe kwa sababu kidole kimegusa mahali ilipotokea.

Michoro ya ukutani inafaa shuleni na sokoni. Maigizo yanafaa pale watu wanapoweza kujibu papo hapo. Redio inafika hadi kwa mama aliye shambani. Filamu inafika mbali, ila ina mambo yake (tazama maswali ya 9 na 12).

6. Simulizi ianzie wapi? Kwenye siku ya kufukuzwa?

Usianzie hapo. Ukianza na nyumba inayoungua, msikilizaji anamwona mwathirika na hajamjua mtu. Anza na kile kilichokuwapo.

Kwa Waogiek, mara nyingi ni mzinga. Muombe mzee akuonyeshe unavyotengenezwa. Gogo la mtarakwa hupasuliwa kwa urefu, likachongwa ndani kwa tezo hadi liwe tupu, vipande vikarudishwa na kufungwa pamoja. Mzinga hupandishwa juu kabisa ya mti mrefu na kufunikwa maganda ili mvua isipenye. Mrinaji hupanda na kifurushi kinachofuka moshi na mfuko wa ngozi begani. Anajua maua ya mti gani hutoa asali ya rangi gani na miezi gani nyuki hushuka bondeni. Asali ni chakula, ni dawa, ni mahari, ni kitu cha kumwagwa kidogo chini wakati wa kuomba baraka.

Niliwahi kumuuliza mzee mmoja siku ile ya notisi ilikuwaje. Alinyamaza. Nikamuuliza mizinga yake ilikuwa wapi. Alizungumza hadi giza likaingia, mti baada ya mti, na alipofika mti wa kumi na kitu akasema, "Huo, mjukuu wangu, walioukata ndio ule uliokuwa na mizinga miwili." Siku ya kufukuzwa ikaingia yenyewe ndani ya simulizi, mahali pake.

7. Tutumie lugha gani?

Mzee asimulie kwa Kiogiek. Kirekodi hivyo kwanza, kisha tafsiri. Ukimlazimisha Kiswahili, majina ya miti, upepo na aina za nyuki yanayeyuka na kubaki "mti" na "mdudu". Maandishi ya chini ya filamu yawe ya Kiswahili, kwa kuwa majirani, maafisa wa kaunti na wasikilizaji wa Tanzania wote wanakielewa. Neno lisilo na tafsiri liache lilivyo na ulieleze mara moja.

Mtafsiri awe mtu wa jamii hiyo, na alipwe (swali la 11). Nimeona tafsiri iliyogeuza neno la mahali patakatifu kuwa "kichaka".

8. Tunaweza kuigiza ubomoaji jukwaani?

Mnaweza, lakini fikirieni wanaoketi mbele. Kundi moja la vijana nililolisaidia lilileta mabati halisi wakayapiga kwa rungu kwenye mazoezi. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kutazama alisimama, akajitanda khanga yake kichwani, akatoka bila kusema neno. Hatukumfuata kwa maswali. Jioni msichana mmoja wa kundi alienda kwao kumwomba radhi.

Onyesho la mwisho halikuwa na mabati wala rungu. Palikuwa na sufuria moja nyeusi katikati ya jukwaa, na kila mwigizaji alipita akitaja alichoacha: kitambulisho, mche wa kabichi, picha ya harusi, kuku aliyekuwa ameatamia. Mama yule alirudi siku hiyo, na baadaye akaongeza chake. Kama mchezo unaonyeshwa kwa watu waliopatwa na jambo lenyewe, waambieni mapema kuna nini ndani, na awepo mtu wa kukaa nao baadaye.

## Ruhusa, hela na heshima

9. Nani anatoa ruhusa?

Ruhusa ni ngazi mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Mtu mwenyewe anakubali simulizi yake, na jamii kupitia wazee wa ukoo na wawakilishi wake inakubali mambo ya wote, kama nyimbo za tohara au maeneo ya ibada. Chifu au kiongozi mmoja akikuruhusu, bado hujapata ruhusa ya mama uliyemwekea kipaza sauti.

Ruhusa pia haidumu milele. Mtu anaweza kukubali leo, akaona kazi iliyokamilika, akasema kipande fulani kitoke. Kitoe. Rudi na rasimu kabla ya kuonyesha popote. Filamu ya kuonyeshwa hadharani Kenya inapitia pia kwa bodi ya kuainisha filamu, lakini muhuri huo haufuti deni lako kwa walio ndani ya picha.

10. Hekaya na nyimbo za kale ni za nani? Si za kila mtu?

Si za kila mtu. Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na inazihesabu kuwa haki ya jamii. Ukichukua wimbo wa Waogiek ukautia kwenye albamu yako bila idhini, umechukua mali ya watu, hata kama mtunzi wake hajulikani.

Kuna pia vitu visivyofaa kutoka nje kabisa, kwa idhini au bila idhini. Ukiambiwa "hii ni ya waliotahiriwa tu", zima mashine.

11. Tuwalipe wasimulizi? Haitaharibu ukweli wa simulizi?

Walipeni. Mzee aliyekaa nawe siku nzima ameacha shamba. Mpiga picha analipwa, dereva analipwa, mwenye hadithi anaambiwa "asante sana" na soda. Lipeni muda wake kwa kiwango kilekile kwa kila mtu, asiyelia na anayelia, ili pesa isifuate machozi. Kazi ikiingiza mapato, mgawo ukubaliwe kabla ya kurekodi na uandikwe kwa lugha wanayoisoma.

12. Tutumie majina na sura halisi?

Inategemea hatari ya leo. Mtu anayeishi bado ndani au kando ya eneo lenye mgogoro anaweza kupata taabu kwa kuonekana. Uliza hivi: "Picha hii ikifika kwa askari wa msitu kesho, itakuwaje?" Swali la jumla kama "Una tatizo na picha?" hujibiwa "Hapana" kwa adabu tu.

Mikono ikifunga mzinga inatosha kuwa picha. Angalieni pia simu zenu, kwa maana picha nyingi hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa. Mahali patakatifu na maficho ya mizinga yasitajwe kwa usahihi unaompeleka mwizi. Hii haipingani na swali la 5: jina la kilima litajwe, njia ya kufika mtini isitajwe.

Na picha isihame kazi. Nilimkuta ajuza mmoja akiwa kwenye kalenda ya shirika ambalo hakuwa analijua, chini yake pameandikwa maneno ya kuomba msaada. Picha ilipigwa siku ya arusi ya mjukuu wake. Aliniuliza, "Mimi niliomba nini?"

13. Na watoto?

Wachore, waimbe, waigize. Wasihojiwe kuhusu usiku wa kufukuzwa. Mtoto akichora moto mwenyewe, sikiliza anachosema bila kumchokonoa, na mchoro ubaki wake.

## Maswali magumu

14. Simulizi na sanaa zinaweza kutumika kama ushahidi?

Zinaweza kusaidia, zikiandaliwa kwa uangalifu. Katika kesi ya Arusha utamaduni ulikuwa sehemu ya hoja zenyewe. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 17, unalinda haki ya mtu kushiriki maisha ya kitamaduni ya jamii yake, na Mahakama ilikuta haki hiyo imevunjwa. Hukumu inataja hata desturi ya kale ya kumlaza marehemu chini ya mti wa yemtit, mzeituni wa porini. Mtu alilisimulia jambo hilo, likaandikwa, likawa sehemu ya sababu.

Kwa hiyo weka rekodi nzima isiyokatwa, pamoja na tarehe, mahali na jina la aliyerekodi. Toleo lenye muziki na madoido ni kazi nyingine, lihifadhi kando. Kwa Kenya mkumbuke pia Katiba ya 2010, ibara ya 63, inayotaja ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kwa jadi na wawindaji na wachuma kuwa ardhi ya jamii.

15. Wazee wawili wakisimulia tofauti?

Andika zote mbili na utaje nani kasema nini. Usizichanganye zikawa moja. Mara nyingi hawapingani: mmoja anazungumzia mpaka wa ukoo wake, mwingine njia ya msimu wa mvua. Tofauti hiyo iliyoandikwa waziwazi huongeza imani ya msikilizaji.

16. Waogiek wa leo wanalima viazi na wana simu. Bado ni watu wa msituni?

Swali hili huulizwa hata na watu wema, na linaumiza. Mtu aliyezuiwa kuwinda, akatolewa kwenye mizinga yake, akajifunza kulima ili watoto wale, anaambiwa kulima kwake ni ushahidi kwamba hana tena haki ya msitu. Hakuna Mkikuyu anayeulizwa kama bado ni Mkikuyu kwa kuwa anaendesha matatu.

Msanii asaidie hapa. Achana na vazi la ngozi ya pelele (mnyama mdogo wa msituni) kama msimulizi hulivaa siku ya sherehe tu. Mwonyeshe akiwa na buti za mpira, akikagua mizinga saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kupanda viazi. Vijana wa Kiogiek ndio wanaonishukuru zaidi kwa picha za namna hiyo, kwa sababu wanajiona humo.

17. Na majirani walioishi Mau wakiwa na hati, nao wakafukuzwa?

Wapo. Watu wa makabila mengine walinunua au walipewa vipande, kisha nao wakatolewa kwa nguvu. Maumivu yao ni ya kweli. Usitunge igizo linalomfanya jirani kuwa adui, kwa maana watoto wao wanasoma darasa moja. Eleza tofauti ya madai bila kupima machozi ya nani ni mazito.

18. Mimi si Mwogiek. Nina nafasi gani?

Beba vyombo, tafuta ukumbi, fundisha kuhariri, lipa nauli. Usijiite "sauti ya wasio na sauti". Sauti wanayo, na waliipeleka hadi Arusha. Jina la kwanza kwenye bango liwe la msimulizi. Ukialikwa kuzungumza kuhusu kazi hiyo, uliza kama mwaliko unaweza kwenda kwake.

19. Haya yanawafaa Wabatwa au Waendorois?

Njia inafaa, maudhui hayahamishiki. Wabatwa wa kusini magharibi mwa Uganda walitolewa Bwindi na Mgahinga misitu hiyo ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991. Waendorois walitolewa kando ya Ziwa Bogoria, Kenya, miaka ya 1970, na kwao kitovu cha simulizi ni ziwa, mifugo na makaburi. Kaa nao upya, uulize upya. Usiwaletee mzinga wa Mau.

20. Onyesho likiisha, vitu vinaenda wapi?

Kopi ya kwanza irudi Mau kabla ya kupelekwa kwenye tamasha lolote. Irudi katika hali inayofunguka: sauti kwenye kadi ndogo za simu kwa kila msimulizi, picha zilizochapishwa kwenye karatasi kwa wazee, rekodi kamili kwa shule na redio ya jamii. Michoro iliyouzwa iorodheshwe pamoja na bei na mgawo. Weka siku ya kurudi wakati bado unarekodi, uiandike, na ukifika usije na kamera. Njoo na sukari na majani ya chai, ukae, usikilize wanavyoisikia sauti ya marehemu babu yao ikitaja miti yake.